Gari la Kukohoa na Mama Mkwe wa Alimasi

Kho, kho, kho, halafu tii.

Hata alipokuwa mzee asiye na gari la kuendesha, Alimasi aliweza kuiga sauti hiyo kwa mdomo, na watu wa Kabambare waliomjua walianza kucheka kabla hajafungua hadithi yenyewe. Ilikuwa sauti ya gari la Abdallah likizimika katikati ya barabara ya Kasongo, jua la kiangazi likipanda, na huko nyuma, juu ya gunia la unga, ameketi mtu ambaye Alimasi hakuruhusiwa kumtazama usoni wala kumtamkia neno. Mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Zilikuwa zama za Wabelgiji, miaka ile vita vya Wazungu vilipokuwa vimekwisha, na magari yaliyozeeka mashambani yakaanza kuuzwa kwa wenyeji. Abdallah, mfanyabiashara wa mpunga pale Kabambare, alilinunua lake kwa Mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari dogo la mizigo, mbele chumba cha watu wawili, nyuma sanduku wazi la mbao. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Taa moja iliona, nyingine ilikuwa kipofu. Kuliwasha kulitaka manivela, ile fimbo ya chuma inayochomekwa puani mwa injini na kuzungushwa kwa mkono, na kila asubuhi lilikohoa kwanza kama bibi kizee anayeamshwa na baridi. Watoto wa mtaa walilibatiza: Bibi Kikohozi.

Alimasi alilipenda gari hilo. Baba yake alikuwa mhunzi wa majembe katika kijiji cha Wabangubangu nje kidogo ya Kabambare, na mwana alikua akijua kwamba chuma kina tabia, kina siku ya kukubali na siku ya kukataa. Ujana ulimpeleka Salamabila kwenye dhahabu. Wenzake waliingia mashimoni. Yeye akawekwa gereji, kuosha vyuma kwa esansi, yaani petroli, chini ya macho ya Raphaël, mekanisye, fundi mnene wa magari aliyetembea polepole na kusema polepole, na ambaye hakuwahi kufungua kapo, kile kifuniko cha injini, bila kuliamkia gari.

"Alimasi," Raphaël alikuwa akimwambia, "gari isiyowaka iko na njaa, ao haina moto. Usitafute ugonjwa wa tatu mbele ya kumaliza hiyo mbili. Na uiulize kama mugonjwa: ulianza lini?"

Hapo ndipo Alimasi alipojifunza kuzungumza na magari, na tabia hiyo haikumwacha. Alipokuja kuwa shofere wa Abdallah, aliliamkia Bibi Kikohozi kila alfajiri, akaliimbia milimani, akalipa pole kwenye mashimo. Safari za mafuta ya mawese zilimfikisha Kasongo, kwenye nyumba ya mwanamke mmoja aitwaye Mwanvua, muuza mafuta mwenye sifa mpaka soko la Nyangwe. Watu walisema mafuta ya Mwanvua hayajawahi kumwagika hata tone njiani, kwa jinsi alivyojua kuziba. Huko Alimasi alimwona Safi, binti yake, akipima mawese kwa kikombe, na tangu siku hiyo gari la Abdallah likawa linapata haja ya kwenda Kasongo mara nyingi kuliko mafuta yenyewe yalivyohitajika.

Safi akawa mkewe. Na ndoa, pamoja na furaha zake, ikamletea mama mkwe.

Kwa Wabangubangu, na kwa watu wa Kasongo vilevile, mama wa mke huheshimiwa hadi kuogopwa. Mwanaume akimwona anakuja, huingia majanini akampisha. Hawali chungu kimoja. Hawatazamani. Maneno yao hupita katika kinywa cha mtu wa tatu, na huyo wa tatu huyalainisha njiani. Heshima hiyo hulegea mtoto wa kwanza anapozaliwa, kwa kuwa tangu hapo wale wawili wana damu moja ya kulea. Kabla ya hapo, ukimya.

Sasa mtoto wa kwanza alikuwa karibu. Ilipasa Safi aende kujifungulia kwa mama yake, kama desturi, lakini miguu yake ilivimba na mganga wa dispensari akamkataza safari. Basi akamwambia mumewe: "Huyu mutoto hatatoka mpaka nimuone mama. Ukileta mutu mwingine, namufungia mutoto ndani."

Alicheka akisema hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa umemshika Alimasi kifundoni kwa nguvu, na vidole vilikuwa baridi. Alimasi akajibu, "Kabla ya uchungu kuisha, mama yako ataketi karibu yako." Hiyo ndiyo ahadi iliyompeleka Kasongo. Abdallah alimpa gari, mradi lirudi na mawese.

Basi asubuhi hiyo walitoka Kasongo watu watatu. Mbele, peke yake, Alimasi. Nyuma, Mwanvua, kikwembe kimemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi, mgongo ameupa chumba cha shofere ili macho yao yasije yakakutana hata kwa bahati mbaya. Kando yake, mdogo wake Feza, aliyeletwa kuwa kinywa cha safari. Na katikati yao madamujani ya mawese, yale machupa makubwa yaliyovikwa ukindu, kila moja limezibwa kwa jani la mgomba na nta ya nyuki. Mapajani mwa Mwanvua alilala kuku mwekundu aliyefungwa miguu, wa mchuzi wa mzazi.

Gari lilikwenda vizuri. Aliyekwenda vibaya ni Feza.

"Shofere!" alipiga kelele akigonga bati. "Simamisha! Hii esansi inanuka mpaka ndani ya roho!"

Alimasi alisimamisha. Feza akatapika. Wakaendelea, Feza akatapika tena. Walipofika kwenye kijiji cha shemeji zake, aliteremka akakaa chini akashika ardhi kwa mikono miwili.

"Mimi nafika hapa," alisema. "Dada, unisamehe. Safi nitamuona mutoto akianza kutembea."

Alimasi aliingia ndani kuwaamkia wenyeji na kunywa maji, maana hupiti kwa shemeji ukiwa umekaa garini. Aliporudi, Mwanvua alikuwa amekwisha panda, amekaa vilevile, anajifuta vidole kwenye ukingo wa kikwembe. Kinywa chao kilikuwa kimebaki kijijini. Alimasi alikohoa ili kusema kwamba wanaondoka. Nyuma nako kukakohoa, kusema sawa. Manivela ikazunguka, gari likajiunga na mazungumzo kwa kikohozi chake, wakaenda.

Walipita mashamba ya pamba, wakapita mto mdogo wenye daraja la magogo, na Alimasi akaanza kuimba. Ndipo, kwenye mwanzo wa kilima: kho, kho, kho, halafu tii.

Aliteremka, akafungua kapo. "Pole, bibi," alilinong'oneza gari. "Iko nini?"

Ndipo kutoka nyuma sauti ya Mwanvua ikatoka chini ya kikwembe, wazi na ya juu kidogo, sauti ya mtu anayeuza sokoni.

"Weye kuku," alisema, "uliza kama tumefika."

Alimasi alishika ukingo wa kapo. Alitazama chini, akatafuta jibu mchangani, akalipata.

"Kuku," alisema, "sema bado. Gari inapumzika kidogo."

"Kuku, uliza imefanya kazi gani, mpaka ichoke asubuhi hii."

Alimasi aliinamia injini. Njaa au moto, alijiambia. Alifungua buji moja, ile inayotoa cheche, akailaza juu ya chuma na waya wake, akazungusha manivela huku akichungulia pembeni: cheche ya buluu ikaruka, kali, nzuri. Moto upo. Basi njaa. Aliligonga tangi kwa kifundo cha kidole, likajibu du, du, sauti ya tumbo lililoshiba. Alilijaza mwenyewe Kasongo. Chakula kimo tumboni, ila kinywani hakifiki. Katikati ya tumbo na kinywa kuna kitu kimoja tu cha kulaumiwa: pompi, ile inayovuta esansi kutoka tangini na kuisukuma kwenye injini.

Aliishika pompi. Ilikuwa moto kama sufuria. Akatabasamu. Raphaël alimfundisha: siku za jua kali esansi huchemka ndani ya pompi, ikawa mvuke, na pompi haijui kuvuta mvuke. Alichukua kitambaa, akakilowesha kwa maji ya kibuyu chake cha kunywa, akaivika pompi kama mtoto mwenye homa. Akangoja kitambaa kikauke, akazungusha. Gari likakohoa, likawaka.

"Kuku!" alisema kwa furaha, akisahau kuinamisha sauti. "Sema ilikuwa joto tu!"

"Kuku, hata sisi tuna joto," ilijibu sauti ya nyuma, "na hatujalala njiani."

Walipanda kilima, wakateremka, wakapita kichaka cha mianzi. Alimasi alikuwa ameanza ubeti wa pili wa wimbo wake. Kho, kho, kho. Tii.

Safari hii aliifikia pompi mbio. Kitambaa kilikuwa bado na unyevu, pompi ilikuwa vuguvugu tu. Hivyo si joto. Chini ya pompi kuna kikombe kidogo cha kioo ambamo uchafu hutua. Alikilegeza, kikafanya kijisauti kama mtu anayekunywa uji, akakitazama juani. Ndani mlikuwa na mchanga kidogo na sisimizi mmoja, amekufa.

"Kuku, mwambie nimepata mwizi. Sisimizi."

"Kuku," sauti ilisema taratibu, "uliza kama huyo sisimizi amekunywa esansi yote peke yake, ama iko na ndugu."

Alimasi alijikuta anacheka, akajizuia kwa sababu ya heshima, kicheko kikamtokea puani. Alikisafisha kikombe, akakifunga, akazungusha. Gari likawaka. Mekanisye yeyote hapo angejiamini: ametafuta, ameona uchafu, ametoa, gari limepona. Alipanda kwenye kiti chake kama mtu anayerudi kutoka kwenye ushindi, na ushindi wake ukadumu mpaka mbele ya nyumba ya kantonye.

Kantonye ni mtu aliyepewa kipande cha barabara kukitunza, kuziba mashimo na kufyeka majani. Huyu aliitwa Marcellin, mkristo mrefu mwenye jembe begani, na aliliona gari linakuja linakohoa, akaliona linanyamaza mbele ya mlango wake kama mgeni aliyefika kwake.

"Karibuni," alisema. "Hii ni gari ya Abdallah?"

"Ni yenyewe, ndugu."

"Na weye ni mume wa Safi?"

Alimasi aliganda. "Ni mimi."

"Basi mumepishana na mutu wa baiskeli. Alitoka Kabambare kukutafuta, amepita njia ya mukato, ile ya miguu, inayoanzia hapa. Akaniachia neno kama gari itapita: bibi yako ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Anamuita mama yake."

Nyuma ya gari ukasikika mshindo: Mwanvua alikuwa ameruka chini, mwanamke wa umri wake, akiwa na furushi. Alijitwika kichwani, akamnyakua kuku akamtia kwapani.

"Kuku," alisema, na sauti haikuwa ya soko tena, "mwambie mimi naenda kwa miguu. Miguu yangu haina pompi."

Akaanza kutembea.

Kabambare ilikuwa bado mbali. Mtu anayekwenda kwa miguu angefika kesho. Alimasi alijua, na Mwanvua alijua, na bado alikuwa anakwenda, kikwembe kinapepea, visigino vinapiga vumbi. Kumfuata hakuweza. Kumwita hakuweza. Na yule wa kusema naye alikuwa amekwenda naye, kwapani.

"Ndugu," Marcellin aliuliza kwa heshima, "mulikuwa munasema na kuku njia yote?"

"Njia yote."

"Na gari?"

"Na gari pia nasema nayo."

Marcellin aliegemea jembe lake. "Mumoja anasema na chuma, mwengine anasema na kuku. Miye niko mutu muzima hapa, hakuna ananiuliza hata habari ya watoto."

"Habari ya watoto, ndugu?"

"Wazima. Sasa tengeneza gari."

Alimasi aliweka mikono miwili juu ya injini, akafumba macho. Hofu ilimjaa kifuani, na Raphaël alisema hofu ni mekanisye mbaya, hufungua vyote na kufunga visivyo. Uiulize kama mugonjwa. Ulianza lini? Akarudi nyuma kwa akili. Mlimani limezimika. Kabla ya mlima, darajani, lilikwenda vizuri. Kabla ya daraja, kwenye pamba, vizuri. Kabla ya pamba, kijiji cha shemeji za Feza. Na kutoka Kasongo mpaka kwa shemeji, halikukohoa hata mara moja. Kila mara limezimika likiwa limekwenda kitambo, na kila mara, baada ya kungoja, limewaka, awe amefunga kitambaa, awe amemtoa sisimizi. Wazo likamjia: labda dawa zote mbili hazikuwa dawa. Labda lilichotaka gari ni kungoja tu.

Lakini kwa nini? Lingoje nini?

Hakujua. Alichojua ni kwamba kati ya pompi na tangi kuna mrija, na mrija huo hakuupima. Alilala chini ya gari, akalegeza mrija kwenye pompi, na upesi, ili asimwage esansi, akautia mdomoni aupulize.

Mrija ukamvuta ulimi.

"Ng'aaa!" alipiga ukelele chini ya gari. Miguu yake ikapiga teke vumbi. "Ng'aa! Unanyonya!"

Marcellin alitupa jembe akamvuta kwa vifundo vya miguu. Alimasi alitoka akiwa ameshika mdomo, macho yamemtoka, esansi kidevuni.

"Inanyonya!" alisema alipoweza kusema. "Tangi! Inanyonya kama mutoto! Mimi napuliza, yenyewe inavuta!"

Huko mbele barabarani, visigino vilikuwa vimesimama. Mwanvua alikuwa amegeuka. Kwa mshtuko wa ule ukelele alikuwa ameutupa ukingo wa kikwembe nyuma, na uso wake wote ulikuwa nje, juani, ukimtazama mkwe wake aliyekaa mchangani na ulimi mkononi. Mabega yakaanza kumtikisika. Aliushika mdomo, haikufaa kitu. Kicheko kilimtoka, kirefu, cha mwanamke aliyelia moyoni tangu kitambo na sasa amepata pa kupitia. Marcellin naye akacheka, na Alimasi, ulimi unamwasha, akawafuata.

Mwanvua alirudi akijifuta machozi, kikwembe kimesharudi mahali pake. Alisimama nyuma ya gari, karibu na madamujani yake, na alipozungumza alikuwa bado na kicheko kooni.

"Kuku, mwambie mume wa Safi, mambo ya gari siyajui. Lakini mambo ya mafuta nimezaliwa nayo. Damujani ukiiziba juu, ukaitoboa chini, mafuta hayatoki. Yanatoka kidogo, yanaacha. Ndani iko inavuta. Mpaka uifungue juu, ipate hewa, ndio inakubali. Hata mutoto wa Kasongo anajua. Kwa hiyo hiyo tangi, kama inanyonya, ni kwamba mutu mujinga ameiziba ju..."

Akakoma.

Alimasi alingoja. Marcellin alingoja. Kuku aligeuza kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Kuku," alisema Alimasi polepole, "uliza: ameiziba nani?"

Kikwembe kilishuka, kikapita nyusi, kikafunika pua.

"Kuku," ilisema sauti ndogo sana kutoka ndani, "Feza alikuwa anatapika. Nikafuata ile harufu, nikakuta kifuniko cha tangi kiko na tundu katikati. Chombo kizuri vile, na tundu! Nikasema, wanaume hawajui kutunza chombo. Na nta nilikuwa nayo kwa furushi."

Alimasi alizunguka mpaka kwenye kifuniko. Hakuwa amekigusa tangu Kasongo. Ya nini, tangi limejaa? Nta ilikuwa imepakwa juu ya kile kitundu, ikazungushwa ukingoni pote, ikabanwa kwa dole gumba na kulainishwa mpaka inang'aa. Ilikuwa kazi safi. Hata katika dhiki ile alishindwa kutoistaajabia. Aliikata kwa kisu, akakishika kifuniko, akakizungusha.

Fyuuuuu.

Gari lilivuta pumzi ndefu, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Ndiyo hewa iliyokuwa ikipenya kidogo kidogo kila liliposimama kungoja.

"Mungu wangu," alisema Marcellin. "Ilikuwa inakufa kwa adabu."

Alimasi alikitoboa tena kile kitundu kwa mwiba, akafunga mrija, akashika manivela. Mzunguko mmoja, gari likawaka, na safari hii halikukohoa hata kidogo. Akiwa bado ameinama alisema, kwa sauti ya kupita juu ya injini: "Kuku, mwambie mama wa Safi hajakosa. Mekanisye ndiye alianza na ndani mbele ya kutazama nje. Na mwambie apande, tunakimbia."

"Kuku, amesikia," ilijibu sauti. Kisha, akipanda: "Na mwambie, ile nta ingaliziba mawese, yasingalivuja mpaka Ulaya."

Marcellin aliwasukuma ingawa gari halikuhitaji kusukumwa, akabaki barabarani anapunga jembe.

Alimasi hakuimba sehemu ile ya njia. Aliendesha ameegemea mbele, kifua juu ya usukani, kama mtu anayemsaidia punda kupanda. Gari lilipanda likateremka, likavuka magogo, likala vumbi likatema vumbi, na kila kilima kilipokwisha alisikiliza, akangoja kile kikohozi, kikohozi kisije. Mara moja alipotazama nyuma ili aone kama madamujani yamesimama, aliona mama mkwe wake amegeuka juu ya gunia lake. Hakutazama tena nyuma wanakotoka. Alikuwa ameukabili upepo, mkono mmoja juu ya bati la chumba cha shofere, mwingine juu ya kuku, naye anaitazama barabara.

Jua lilikuwa limeanza kulala walipoingia Kabambare. Uani kwa Alimasi walisimama wanawake wa jirani, na kutoka ndani ikaja sauti ya Safi, ya hasira, iliyochoka: "Nimesema nangoja!"

"Anakataa," alisema Régina, mkunga, mlangoni, mikono kiunoni. "Tangu saa ya chakula anakataa. Sijaona mutu mbishi hivi."

Mwanvua alikuwa ameshashuka kabla gari halijasimama. Alipita katikati ya wanawake bila kuamkia mtu, akavuka kizingiti, na Alimasi, akiwa ameshika mlango wa gari uliofungwa kwa kamba, akamsikia akisema huko ndani kwa sauti ya soko, ya kumwambia dunia nzima: "Haya, mwanangu! Nimefika. Sasa huyo mutoto anangoja nini?"

Kisha mlango ukafungwa.

Alimasi alizima gari. Alibaki peke yake uani na mikono yake: myeusi, imepakaa grisi na vumbi la njia nzima, na nta chini ya kucha. Aliichukua ile sabuni ya mawese pembeni ya mtungi, akaanza kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Alisugua kwa mchanga, akasuuza, akanusa, akasugua tena, na wakati wote masikio yake yalikuwa kwenye mlango, kama yanavyokuwa kwenye injini. Jirani walimletea kiti, hakukaa. Waliwasha moto wa jikoni, akaukaribia, akaondoka.

Kilio kilipotoka kilikuwa chembamba na cha kelele, na wanawake uani wakakijibu kwa vigelegele mpaka kuku mwekundu, aliyesahauliwa garini, akaanza kulia naye.

Mlango ulifunguka. Mwanvua alitoka, na kikwembe hakikuwa kichwani mwake. Alikuwa amekivua, ndicho alichomvika mjukuu. Nywele zake za mvi zilikuwa nje, uso wake ulikuwa nje, na alikuja moja kwa moja mpaka aliposimama Alimasi. Miguu ya Alimasi, kwa desturi, ilimwambia akimbilie majanini. Alibaki.

Mwanamke alimtazama usoni. Hakumtafuta kuku.

"Alimasi," alisema, "mwana wa kiume. Na Safi muzima. Mikono umeosha?"

Alimasi akainyoosha mikono yote miwili, safi, myekundu kwa kusuguliwa, na kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo jirani walioegemea ukuta hawakuisikia, akasema:

"Nimeosha, mama."